PAMBA, SUFU NA UZI: TITI LILILOUNDWA KATIKA FASIHI NA KATIKA LUGHA

Wahakiki waliouchambua Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek aghalabu wameupima kwa mizani ya jadi na ugeni. Lawino amesimama upande huu na mila zake, Ocol upande ule na vitabu vyake, na kazi ya mhakiki imekuwa kuamua yupi ana haki kuliko mwenziwe. Mjadala huo ulianza shairi lilipochapishwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966, wala haukukoma Paul Sozigwa alipolitia katika Kiswahili mwaka 1975. Katika wingi wa maneno hayo kuna jambo moja dogo lililopitwa kana kwamba ni mzaha usiohitaji maelezo. Jambo hilo ni pamba aliyoitia Tina kifuani.

Lawino anapomchambua mke mwenza wa mjini, Clementine, ambaye kwa kifupi huitwa Tina, hakomi kwenye midomo iliyopakwa rangi wala kwenye uso uliopakwa poda. Anashuka hadi kifuani. Anadai kwamba matiti ya mwanamke huyo yamekauka na kunywea, na kwamba yeye huyafunga na kuyatilia pamba ili watu wayadhanie kuwa matiti. Msomaji hucheka, na imekusudiwa acheke. Pamba hapo ni ushahidi katika kesi: mwanamke aliyedanganya kifuani hawezi kuwa mkweli katika ndoa, na mume aliyependa pamba ameacha titi. Kejeli hii imejengwa kwa ustadi mkubwa. Ina nguvu kwa sababu inategemea imani ambayo msanii hakuhitaji kuitaja, kwamba kifua cha mwanamke ni mahali pa ukweli, na kwamba kila kilichoongezwa hapo ni uwongo.

Swali linalostahili kuulizwa ni nani asiyeweza kucheka. Okot alikuwa na adui mmoja machoni pake, yaani kasumba ya wasomi wa mijini, na silaha yake alimnolea adui huyo. Lakini silaha ya fasihi haimchagui inayempata. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, akaingia dukani kutafuta kitu cha kutia katika sidiria, au akalala juu ya meza ya daktari ili aundiwe titi jingine, anaposoma beti zile hujikuta amesimama mahali pa Tina bila ya kuwa na kosa la Tina. Shairi halikumkusudia, wala halikumwachia nafasi nyingine ya kusimama.

Msomaji wa namna hiyo si wa kubuniwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba nchini Kenya, katika mwaka 2020 peke yake, palikuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya titi. Iwapo atatafutwa mahali ambapo mgongano wa Lawino na Ocol haujawa hadithi ya zamani, basi na atafutwe katika barabara iendayo Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamasai. Mashamba ya ushirika yakagawanywa, ardhi ikauzwa vipande vipande, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000. Wengi wao walifuata kazi katika viwanda vya Athi River, vikiwemo vya saruji na vile vya nguo katika eneo la bidhaa za kuuzwa nje lililoanzishwa mwaka 1990. Kusini zaidi, Kajiado mjini na katika mbuga zinazouzunguka, ng'ombe bado ni mali na ushanga bado ni lugha. Watu wa sehemu hizi mbili hukutana sokoni, kwenye matatu na kwenye benchi la zahanati, na aghalabu lugha wanayoshirikiana hapo si Kimaa wala Kikamba wala Kikuyu, bali ni Kiswahili.

Kwa hiyo habari ya uvimbe huja kwa Kiswahili. Muuguzi ambaye mama yake alizungumza Kiluhya humweleza mwanamke ambaye mama yake alizungumza Kimaa jambo litakalobadilisha mwili wake, na wote wawili wamekutana katika lugha ya tatu. Kisha mgonjwa huelekezwa Nairobi, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka Kajiado, kwa sababu kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo hospitali pekee ya umma nchini iliyokuwa na mashine za tiba ya mionzi. Hayo ni mambo ya utawala na fedha, na yamejadiliwa na wenye ujuzi nayo. Linalomhusu mhakiki wa lugha ni maneno yaliyosemwa kwenye lile benchi.

La kwanza ni kitenzi kukata. "Utakatwa titi." Kisarufi sentensi hii haina kasoro, na pwani huenda isimguse msikilizaji zaidi ya inavyostahili. Lakini Kajiado kitenzi hiki kimekwisha kubebeshwa mzigo mwingine. Kukatwa, kwa msichana wa huko, ni kupashwa tohara. Ni jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 imelikataza, ambalo makanisa na shule zimelihubiri, na ambalo Henry ole Kulet alilifanya kuwa kiini cha riwaya yake ya mwaka 2008, Blossoms of the Savannah. Mwanamke mwenye umri wa miaka 45 anayeambiwa na mtu wa serikali kwamba lazima akatwe, baada ya kuambiwa miaka yote na serikali iyo hiyo kwamba kukatwa ni jinai, ana haki ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Wako watakaosema kwamba muktadha hulitenga neno na maana zake nyingine. Katika vitabu vya isimu, ndiyo. Mwilini maana hukaa zote pamoja. Kuondoa na kutoa ni vitenzi vilivyopo, havina gharama, na havina makovu ya mtu mwingine.

La pili ni bandia, na hapa ndipo pamba ya Lawino inaporejea. Katika kamusi za zamani bandia ni mwanasesere, kitoto cha matambara anachobembeleza msichana mdogo akijifunza kuwa mama. Neno hilo lilikuwa na upole. Baadaye likapanuka: meno ya bandia, mguu wa bandia, kila kilichowekwa mahali pa kingine. Kisha biashara ikaliharibu. Noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Leo mtu asikiapo neno hili katika taarifa ya habari hutazamia kutajiwa polisi. Titi bandia limeingia katika orodha hiyo bila ya kuombwa ridhaa.

Lakini hoja haiwezi kuishia kwenye neno tu, maana mguu wa bandia nao ni bandia na hakuna amwitaye mwenye nao tapeli. Mtu aliyekatika mguu akaja na gongo la kisasa husifiwa kwa ushujaa. Mwenye titi la kuwekewa hunong'onwa. Tofauti haimo katika neno bandia, imo katika neno titi. Mguu unahesabiwa kuwa ni wa mwenyewe. Titi, katika fikira ambazo fasihi imesaidia kuzijenga, lina wenyewe wengine: mtoto anayelinyonya, mume anayelitazama, ukoo unaolihesabia uzazi. Mwanamke ni mlinzi wake tu. Linapobadilishwa, wenye mali hujiona wameibiwa.

Ushahidi wa fikira hizo umo katika sehemu zinazoheshimiwa kuliko zote. Methali husema kwamba titi la mama ni tamu hata liwe la mbwa, na Shaaban Robert, alipotaka kuitukuza lugha ya Kiswahili, alichukua taswira iyo hiyo, akaifanya titi la mama kuwa kipimo cha kitu kisichoweza kupata badala. Sheria ya Kiislamu imefanya watoto wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu wa kunyonya, wasiweze kuoana, kwa sababu ya titi moja. Hizi ni taswira tukufu, na hakuna haja ya kuzivunja. Yatosha kuona kwamba katika zote titi limetazamwa kutoka upande wa mnyonyaji. Anayelibeba hana kauli. Ni vigumu kutaja shairi la kale la Kiswahili ambamo titi linauma.

Mwaka 1858, Mwana Kupona aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, na utangulizi wa utendi wenyewe unasema kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Inakubaliwa kwamba alifariki yapata mwaka 1860. Beti nyingi zinazofuata ni mafunzo kwa binti yake juu ya dini, heshima na kumridhisha mume, na sehemu mashuhuri ni ile inayomwelekeza kujipamba. Wahakiki wa kike na wa kiume wamekwisha kuzozana juu ya beti hizo, wengine wakiona utumwa, wengine wakiona busara ya mjane aliyejua ulimwengu. Kuna jambo lisilotazamwa sana: maradhi yametajwa, lakini mahali pake mwilini hapakutajwa. Mama anayekufa anamfundisha binti udi na mapambo, na mwili wake mwenyewe ameufunika.

Kitendo hicho kina jina katika Kiswahili, nalo ni sitara. Mtu wa pwani hatasema kwamba Mwana Kupona alidanganya. Alijisitiri. Lugha imeweka mpaka ulio wazi kati ya kudanganya, ambako ni kumnyang'anya mwenzio ukweli anaostahili, na kujisitiri, ambako ni kuzuia kisichomhusu. Lawino haujui mpaka huo, au Okot hakumruhusu aujue, kwa sababu shairi lake lisingesimama. Kwa Lawino kila kifuniko ni uwongo. Na hilo ni suala la fani kama lilivyo la maudhui: kejeli huishi kwa kufunua, na msemaji anayeamini sitara hawezi kuwa mkejeli mzuri.

Wapo waliofika mahali alipofika Lawino kwa njia nyingine kabisa, na mkubwa wao ni Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani aliyezaliwa New York mwaka 1934 kwa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi. Aliondolewa titi la kulia mwaka 1978, na mwaka 1980 akachapisha The Cancer Journals. Humo anaeleza jinsi mwanamke wa kujitolea, mwenye nia njema, alivyomletea hospitalini pedi ya sufu ya kondoo yenye umbo la titi na rangi ya waridi iliyopauka, ili aitie katika sidiria asitambulike. Rangi haikuwa ya ngozi yake. Siku chache baadaye alipokwenda kwa daktari bila ya sufu hiyo, muuguzi alimwambia kwamba kutoivaa kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde alijibu kwa kitabu kizima. Kiini cha hoja yake ni kwamba sufu hiyo huwafanya wanawake waliougua wasiweze kutambuana, na wasiotambuana hawawezi kudai chochote. Anauliza kwa nini jemadari Moshe Dayan wa Israeli hakutakiwa avae jicho la kioo, bali kitambaa cha jicho lake kilichukuliwa kuwa alama ya vita alivyopigana.

Hoja hiyo ni nzito, na mfano wa Dayan haujapata jibu hadi leo. Hata hivyo Lorde naye ana pamba zake. Anapowaita kumsaidia mashujaa wa kike wa Dahomey, akiwataja kuwa wenye titi moja, amechanganya historia na ngano ya Kiyunani. Wanawake askari wa Dahomey walikuwako kweli, walipigana na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, lakini habari ya kujikata titi haiwahusu. Hilo si kosa la kumhukumia. Linaonyesha tu kwamba hata yeye, aliyekataa sufu, alihitaji kujiundia kitu cha kufunikia pengo.

Zaidi ya hayo, Lorde alikuwa mwalimu na mwandishi ambaye kifua chake bapa kilikuwa na wasomaji. Mshonaji wa kiwanda cha nguo, anayeishi Kitengela katika chumba kimoja cha ploti, penye bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo kwa wapangaji wote, hana wasomaji, ana majirani. Kumwambia mwanamke huyo kwamba akijifunika anawasaliti wenzake ni kumtwika wajibu wa kuwa bendera, ilhali yeye anataka kuvuka uwanja wa ploti asubuhi na ndoo yake bila ya mtu kunyamaza anapopita. Kadhalika mwanamke wa Kajiado, ambaye ushanga mpana wa shingoni ulikuwa ukimlalia kifuani kwa usawa, anaweza kutamani usawa huo kwa ajili ya ushanga wenyewe, si kwa ajili ya jicho la mume. Na yule asiyetamani, akaona kwamba kovu lake ni lake na upasuaji mmoja unatosha, naye asiulizwe. Nadharia ya ukombozi isiyoweza kuwapokea wote watatu bado ni changa.

Sasa yafaa kulitazama lile titi lenyewe linaloundwa, maana mengi yanayosemwa juu yake yamesemwa na watu wanaodhani ni pamba ya Tina iliyotiwa ndani ya ngozi. Katika miaka ya 1880 William Halsted wa Baltimore alianza kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua, na njia yake ikatawala kwa muda wa miaka 80 au zaidi. Kifua kilichobaki kilikuwa mbavu na ngozi. Hata hivyo, mwaka 1895, huko Ujerumani, Vincenz Czerny alikwisha kuhamisha uvimbe wa mafuta usio na madhara kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa na kuujaza pengo la titi. Inasimuliwa kwamba mgonjwa huyo alikuwa msanii wa jukwaani. Mwaka 1906 Mtaliano Iginio Tansini alieleza jinsi ya kuzungusha ngozi na msuli wa mgongo hadi kifuani. Mfuko wa silikoni ulitiwa kwa mara ya kwanza Houston mwaka 1962, na mwaka 1982 Carl Hartrampf, daktari wa Marekani, akatangaza njia ya kutumia ngozi na mafuta ya tumbo.

Njia hii ya mwisho inamfikirisha mhakiki. Nyama ya tumbo, lile lile lililobeba mimba, hupandishwa juu pamoja na mishipa yake ya damu ikawa titi. Halitatoa maziwa. Hisi yake haitakuwa kama ya kwanza, na sehemu kubwa yake huenda ikabaki na ganzi. Chuchu hufinyangwa kwa ngozi au huchorwa kwa chanjo ya rangi. Kazi yote haiishi kwa siku moja. Huenda ikahitaji kurudi mezani mara mbili au tatu, na mionzi ikishapita hapo ngozi hugeuka ngumu na kumpa mpasuaji taabu. Lakini kila kilichomo ni cha mwenye mwili. Basi, titi hilo laweza kuitwa bandia kwa haki gani? Hakuna kilichoigizwa wala kilichonunuliwa. Kiswahili kina kitenzi kilichokuwa kikingoja kazi hii: kuunda. Mafundi wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu huunda majahazi. Hawasemi wanayaigiza. Jahazi lililoundwa upya kwa mbao za chombo cha kale ni jahazi, hubeba shehena, na hakuna nahodha anayeliita bandia. Titi lililoundwa: maneno mawili, hayana fedheha, na mwanamke anaweza kuyatamka mbele ya mkwewe.

Itajibiwa kwamba huku ni kucheza na maneno ilhali watu wanakufa, na kwamba mwanamke anayefika hospitalini akiwa amechelewa, kama wanavyofika wengi nchini, ana shida kubwa kuliko kitenzi. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama kuchelewa kwenyewe kusingekuwa na uhusiano na maneno. Mtu huchelewa kwa nauli, kwa hofu, kwa mganga, kwa kukosa ruhusa. Na pia huchelewa kwa sababu jambo analoambiwa litamfika halina jina asiloweza kulionea haya. Anayejua neno moja tu la mwisho wa safari, na neno hilo ni kukatwa, ana sababu nzuri ya kutoianza.

Kwa hayo yote Wimbo wa Lawino hautoki mikononi mwa msomaji wa Kitengela ukiwa umehukumiwa. Mbali na kejeli ya pamba, shairi lina sehemu nyingine, ile ambamo Lawino anaitetea ngoma ya Waacholi dhidi ya dansi ya mjini inayochezwa gizani. Anasema kwamba ngoma ya kwao huchezwa mchana, na uwanjani hakifichiki kitu. Wengi wamesoma hapo sifa za miili mizuri. Wakirudia kusoma watakuta kwamba katika orodha ya vitu visivyofichika Lawino ametia pia matumbo yaliyovimba na maradhi ya ngozi, bega kwa bega na matiti ya wasichana na ya wanyonyeshao. Mgonjwa hakufukuzwa uwanjani. Anacheza, anaonekana, na msemaji anapita kwenda kwenye jambo jingine bila ya kejeli. Huyu ni Lawino mwingine, mpana kuliko yule wa pamba, na ajabu ni kwamba wote wawili wamo katika kinywa kimoja. Tina amekejeliwa kwa sababu amejificha. Huenda hangejificha kama angeamini kwamba uwanja huo ni wake pia.

Mjini Thika, upande wa pili wa Nairobi, wako wanawake waliougua saratani wanaofuma matiti ya uzi kwa ajili ya wenzao ambao hawana fedha za silikoni wala za upasuaji. Uzi ni wa rangi mbalimbali, na ndani hutiwa kijazo laini. Kwa umbo hakuna tofauti kubwa kati ya kitu hicho na kile alichokitia Tina. Lakini wao hufuma wakiwa wameketi pamoja, mchana, na atakaye kuona huona. Pamba ya Tina ilitiwa chumbani, mlango umefungwa, na aliyeisimulia ni adui yake.